Kumtafuta babu aliyetoka Ayalandi katika vitabu vya kanisa na vya serikali

Swali: "Mimi ni Mkenya wa Murang'a na ninaishi Lowell, Massachusetts. Mume wangu ni Mmarekani mwenye asili ya Ayalandi. Watoto wetu wanautaja ukoo wangu bila kusita, lakini upande wa baba yao tunajua tu kwamba babu wa babu yake, Patrick Sullivan, 'alitoka Cork', akafika Marekani akiwa kijana katika miaka ya 1860, akafunga ndoa hapa Lowell mwaka 1872 na mwanamke wa kwao aliyeitwa Honora, na wote wawili wakafanya kazi katika viwanda vya nguo. Wazee wanasema jina lilikuwa O'Sullivan likakatwa Ellis Island. Wanasema pia kwamba hakuna haja ya kutafuta, kwa sababu kumbukumbu zote za Ayalandi ziliungua mwaka 1922. Nimejaribu kwenye intaneti nikapata akina Patrick Sullivan wasiohesabika waliozaliwa Cork. Nitamjuaje wa kwetu? Na tukimpata, je, watoto wanaweza kupewa pasipoti ya Ayalandi?"

Dada msomaji, nimesoma swali lako mara mbili, na naona lina hofu mbili ndani yake. Ya kwanza ni kwamba njia imefungwa, na kilichoungua hakirudi. Ya pili ni kwamba hata njia ikiwa wazi, utamshika Patrick wa watu wengine na kumpandikiza katika ukoo wa watoto wako. Hofu ya kwanza imekuzwa kuliko ukweli wake. Ya pili ni ya haki kabisa, nami nitaitumia sehemu kubwa ya jibu hili, kwa sababu koo nyingi zilizochapishwa mtandaoni zimejengwa juu ya kosa hilo hilo.

Tuanze na moto. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaanza mjini Dublin, jengo la nyaraka za serikali lililokuwa ndani ya eneo la mahakama liitwalo Four Courts lililipuka na kuteketea. Hasara ilikuwa kubwa mno: karibu sensa zote za mwaka 1821, 1831, 1841 na 1851, wosia kwa maelfu, na zaidi ya nusu ya vitabu vya parokia za Kanisa la Anglikana la Ayalandi vilivyokuwa vimehamishiwa humo. Sensa za 1861 hadi 1891 hazikuungua siku hiyo, kama wengi wanavyodhani. Serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu kabla ya hapo. Lakini angalia kile ambacho hakikuwamo ndani ya jengo lile. Vitabu vya parokia za Kikatoliki vilikuwa vinakaa kwa mapadri, kila kimoja katika parokia yake. Vitabu vya serikali vya vizazi, ndoa na vifo vilikuwa chini ya ofisi nyingine, mahali pengine. Kwa familia ya Kikatoliki kama ambavyo akina Sullivan wa kusini-magharibi walikuwa karibu wote, vitabu viwili mnavyovihitaji zaidi ndivyo vilivyosalimika.

Habari ya Ellis Island nayo iwekeni kando. Kituo hicho cha kupokelea wahamiaji cha New York kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, miaka 20 baada ya Patrick kufunga ndoa Lowell. Hata kwa waliopita pale, makarani hawakuwa na kazi ya kuwabadilishia watu majina. Walikuwa na orodha za abiria zilizoandikwa meli ilipokuwa inaondoka, nao walizilinganisha na watu waliosimama mbele yao. Ile "O" ilikuwa imeshadondoka huko huko Ayalandi, ambako utawala na lugha ya Kiingereza vilikuwa vimeisukuma pembeni kwa vizazi kadhaa. Kuna uwezekano mkubwa kwamba padri aliyembatiza Patrick aliandika Sullivan tu. Unapotafuta, jaribu jina hilo likiwa na "O" na likiwa bila hiyo, na usikatae ukurasa kwa sababu ya herufi moja.

Kuhusu maneno "alitoka Cork", naomba uyapokee kwa tahadhari zaidi. Bandari kuu ya wahamiaji wa kusini ilikuwa Queenstown, mji ambao leo unaitwa Cobh, nao umo katika Kaunti ya Cork. Mtu aliyezaliwa katika milima ya Kerry angeweza kupanda meli hapo na kuwaambia wajukuu kwamba alitoka Cork, akiwa anasema kweli kuhusu safari na wao wakielewa kwamba anasema habari za kuzaliwa. Jina la Sullivan ndilo limejaa kuliko mengi mengine katika kaunti zote mbili, hasa katika ile rasi ya Beara ambayo imegawanywa baina ya Cork na Kerry. Kwa hiyo, mpaka upate karatasi inayosema vinginevyo, utafutaji wako uwe wa Cork na Kerry pamoja.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lingekuokolea miezi mingi kama ungeambiwa mapema. Usajili wa lazima wa vizazi, vifo na ndoa za Wakatoliki ulianza Ayalandi tarehe 1 Januari 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilianza kusajiliwa mapema kidogo, Aprili 1845. Patrick alifunga ndoa mwaka 1872 akiwa mtu mzima, basi alizaliwa katika miaka ya 1840 au mwanzoni mwa miaka ya 1850, yaani kabla ya usajili kuanza. Cheti chake cha kuzaliwa hakijawahi kuwapo. Wale akina Patrick wote uliowapata katika faharasa ya vizazi ya serikali, kuanzia 1864 na kuendelea, si wenu hata mmoja, na unaweza kuwafuta leo kwa moyo mweupe. Kuzaliwa kwake kutaonekana katika kitabu cha ubatizo tu, kama parokia yao ilikuwa na kitabu wakati huo na kama kitabu hicho kimedumu.

Hilo halina maana kwamba kumbukumbu za serikali ya Ayalandi hazikufai. Zinakufaa kwa mlango wa uani. Wazazi wa Patrick yaelekea walibaki nyumbani, na kama walifariki baada ya 1864 vifo vyao viliandikwa, pamoja na jina la mtu aliyetoa habari, ambaye mara nyingi ni mwana au binti aliyewauguza. Wadogo zake wa mwisho huenda walizaliwa baada ya 1864, na cheti cha mtoto kinataja jina la mama pamoja na jina la ukoo alikozaliwa yeye mwenyewe. Ndugu waliooa huko waliandikiwa jina la baba na kazi yake. Vitabu hivi vimepigwa picha na kuwekwa bure katika tovuti ya serikali, IrishGenealogy.ie, kwa utaratibu wa kulinda faragha: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75 na vifo vilivyopita miaka 50.

Hata hivyo, nakusihi usianzie huko. Kosa la kwanza la watu wengi wenye hamu kama yako ni kuvuka bahari mapema. Ayalandi imegawanyika katika vitongoji zaidi ya 60,000, na familia ya wakulima wapangaji ilijulikana kwa kitongoji chake. Bila jina la parokia, au angalau jina la wilaya, mtu anayetafuta Patrick Sullivan ni kama anayetafuta Mohamed Ali katika Pwani nzima. Jina la parokia hiyo halikai Dublin. Mara nyingi liko Marekani, ndani ya kitabu ambacho hakuna aliyekifungua tangu wino ulipokauka, na wewe umebahatika kuishi katika jimbo ambalo lilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo mapema kuliko mengi: Massachusetts ilianza kuviandika kwa jimbo zima mwaka 1841, wakati Pennsylvania ilingoja hadi 1906.

Anza na ile ndoa ya 1872. Iliandikwa mara mbili, na watu wengi huipata mara moja tu wakaridhika. Mara ya kwanza iliandikwa na karani wa mji, na nakala ikapelekwa kwenye jimbo. Humo utakuta umri, kazi, mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi wa bwana na wa bibi harusi. Mahali pa kuzaliwa patasema "Ireland" tu, usivunjike moyo. Majina ya wazazi ndiyo mali. Mara ya pili ndoa hiyo hiyo iliandikwa na padri katika kitabu cha parokia. Humo kuna mashahidi wawili, na mapadri wengine, si wote, walipenda kuandika kaunti au hata parokia ya kila mmoja. Kanisa la St. Patrick la Lowell ni la mwaka 1831, nalo lilijengwa kwa ajili ya vibarua wa Kiayalandi waliochimba mifereji ya viwanda, lakini mwaka 1872 halikuwa tena kanisa pekee la Kikatoliki mjini, kwa hiyo ukikosa hapo hamia kwa jirani zake. Vitabu vingi vya Jimbo Kuu la Boston hadi mwaka 1920 vimepigwa picha na vinasomeka kupitia tovuti ya American Ancestors, na vile vya serikali viko bila malipo katika FamilySearch, tovuti ya ukoo inayoendeshwa na Kanisa la Wamormoni.

Kisha tafuta ubatizo wa kila mtoto wa Patrick na Honora, si ule wa mtoto ambaye mume wako ni wa uzao wake tu. Wasimamizi wa ubatizo hawakuokotwa njiani. Walikuwa ndugu, binamu, au majirani wa kule kule walikotoka, na jina la msimamizi likijirudia mara mbili au tatu ujue umeshika mkia wa jamaa. Huyo msimamizi naye alikufa, akazikwa na kuandikiwa tanzia, na huenda tanzia yake ndiyo inayotaja parokia ambayo ya Patrick haikutaja. Nimeona mara nyingi ukoo mzima ukifunguka kwa sababu ya dada asiyeolewa aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, ambaye hakuna mjukuu aliyejua jina lake.

Hapo hapo Massachusetts kuna vitu vingine viwili vya thamani. Gazeti la Kikatoliki la Boston lililoitwa The Pilot lilichapisha, kuanzia 1831 hadi 1921, matangazo ya watu waliokuwa wakiwatafuta ndugu zao waliopotezana nao, na matangazo hayo kwa kawaida yalitaja kaunti, parokia na hata kitongoji, kwa sababu ndivyo ndugu alivyoweza kutambulika. Chuo cha Boston College kimeyakusanya yaweze kutafutwa kwa jina. Cha pili ni mawe ya makaburi. Wahamiaji wa Kiayalandi walikuwa na desturi ya kuandika juu ya jiwe "mzaliwa wa parokia fulani, kaunti fulani", kwa hiyo nendeni makaburini wenyewe na watoto, mchana wenye jua la pembeni linaloonyesha herufi zilizofifia, na msome pia mawe ya jirani.

Karatasi zote hizi zipime kwa swali moja: nani alitoa habari? Katika ndoa, Patrick mwenyewe alikuwa amesimama pale na aliwajua wazazi wake. Katika cheti chake cha kifo, aliyejibu maswali ni mtoto aliyezaliwa Lowell, mwenye msiba, ambaye hajawahi kuwaona babu na bibi. Cheti cha kifo kikisema mama yake aliitwa Mary na cha ndoa kikasema Johanna, mimi nashika cha ndoa. Umri nao usiuamini sana. Sensa ya Marekani ya 1900 iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia nchini, na idadi ya watoto ambao mama amezaa na walio hai; ni sensa nzuri sana, lakini wahamiaji wa kizazi kile hawakuhesabu miaka kama tunavyohesabu sisi, na tofauti ya miaka mitano au hata zaidi haipaswi kukushtua.

Tuseme sasa umepata neno moja: Kenmare. Hapa ndipo penye mtego wa pili, na unahitaji subira. Kenmare ni mji katika Kaunti ya Kerry. Ni parokia ya Kikatoliki. Ni parokia ya kiserikali, yenye mipaka yake mingine, iliyorithiwa kutoka kanisa la zamani. Tena ni wilaya ya usajili, iliyochorwa kufuata maeneo ya kusaidia maskini yaliyowekwa na sheria ya mwaka 1838, nayo inameza parokia kadhaa, ikiwamo Tuosist iliyo kusini-magharibi yake. Mtu aliyesajiliwa Kenmare na serikali huenda alibatizwa Tuosist, na anayefungua kitabu cha ubatizo cha Kenmare mjini hatamwona kamwe, kisha atasema kimeungua. Kila ukipata jina la mahali, jiulize kwanza ni la mpaka upi, ndipo ufungue kitabu.

Vitabu vya ubatizo na ndoa vya Kikatoliki vya kisiwa kizima vilipigwa mikrofilamu na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, na tangu Julai 2015 picha zake ziko wazi mtandaoni bure, nyingi zikiishia karibu na mwaka 1880. Picha hizo hazina faharasa. Unazisoma ukurasa kwa ukurasa. Faharasa zimetengenezwa na wengine, na kwa bahati yenu Kerry yote na sehemu kubwa ya Cork ziko katika ile ile tovuti ya serikali niliyoitaja, bila malipo. Mwanzo wa vitabu hutofautiana sana. Parokia za miji mikubwa zina vitabu vya karne ya 18, lakini huko magharibi, kwenye umaskini na ambako sheria dhidi ya Wakatoliki zilikuwa zimelibana kanisa kwa muda mrefu, vitabu vingi huanza katika miaka ya 1820 au 1830 na vingine baadaye zaidi. Vitabu vya maziko ni adimu kwa Wakatoliki.

Ukurasa wenyewe utakuwa na tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi pamoja na jina la ukoo wa mama, wasimamizi wawili, na pengine kitongoji. Padri aliyezoea Kilatini ataandika Patricius kwa Patrick, Jacobus kwa James, Gulielmus kwa William, Joannes kwa John, na Helena kwa yule ambaye nyumbani aliitwa Ellen. Honora wenu atatokea pia kama Hanora, Nora, au Hannah. Jeremiah wa Cork na Kerry ndiye yule yule Darby. Bridget akifika Marekani aweza kugeuka Delia. Jambo jingine la kujua ni kwamba kwa wadogo waliozaliwa baada ya 1864 utaweza kukuta ubatizo uliotangulia kuzaliwa. Usidhani ni watoto wawili. Sheria iliweka muda wa kusajili na faini kwa aliyechelewa, basi baba aliyetembea kwa miguu kwenda kwa msajili baada ya muda kupita alisogeza tarehe mbele ili asitozwe. Tarehe ya padri ndiyo ya kuaminika.

Sasa hofu yako ya pili, nitamjuaje wa kwetu. Jibu langu ni kwamba usimtafute Patrick peke yake. Tafuta jozi ya wazazi wake. Tuseme ndoa ya Lowell inasema ni mtoto wa Daniel na Johanna. Kusanya, katika parokia zote unazoweza kuzishuku, kila Patrick Sullivan aliyebatizwa kati ya 1840 na 1855 kwa Daniel na Johanna. Huenda wakabaki watano. Kwa kila mmoja wa hao watano, jaza watoto wengine wote wa wazazi hao, kisha uanze kuondoa. Yupo aliyekufa mtoto? Yupo aliyeoa huko huko baada ya 1864? Yupo anayeonekana akiwa mzee katika sensa ya Ayalandi ya 1901 au 1911, ambazo zimebaki kamili na ziko wazi bure? Huyo hakuhamia Lowell. Anayebaki, ambaye majina ya ndugu zake yanalingana na wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa Lowell, ndiye wa kuandikwa kwa penseli. Wakibaki wawili, andika wawili na useme hivyo kwa watoto. Kumchagua mmoja kwa sababu roho inampenda ni kuwadanganya wale ambao watarithi daftari lako.

Wewe kama mtu wa Murang'a utapata msaada mahali ambapo watafutaji wengine hupita bila kuona. Kwenu mwana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama. Waayalandi wengi wa wakati huo walifanya vivyo hivyo kwa wavulana. Kwa wasichana walikuwa na desturi ya kuanzia upande wa mama, ambapo kwenu huanzia upande wa baba. Panga watoto wa Patrick na Honora kwa mfuatano wa kuzaliwa, pamoja na waliokufa wachanga, uone majina manne ya kwanza yanakuambia nini. Haikuwa sheria, na peke yake si ushahidi, lakini ikiwa mwana wao wa kwanza ni Daniel na kila kitu kingine kinaelekea kwa Daniel, utakuwa na haki ya kutulia kidogo.

Kuna nyaraka mbili zaidi za Ayalandi zinazoziba pengo la sensa zilizopotea. Ya kwanza ni uthamini wa ardhi na nyumba uliofanywa kati ya 1847 na 1864, unaojulikana kwa jina la Griffith aliyeusimamia. Unaorodhesha mkuu wa kila kaya, mwenye ardhi, eneo na kodi iliyokadiriwa, pamoja na ramani. Hauna watoto wala wake, na katika kitongoji kimoja waweza kukuta akina Daniel Sullivan watatu, kwa hiyo unafaa kwa kuthibitisha mahali kuliko kumthibitisha mtu. Ya pili naipenda zaidi. Mwaka 1909 pensheni ya wazee ilipoanza kulipwa kwa waliotimiza miaka 70, wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa walizaliwa kabla ya 1864. Walijaza fomu kuomba maafisa watafute majina yao katika sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa hazijaungua, wakitaja majina ya baba na mama na kitongoji walikoishi utotoni. Sensa zikateketea, fomu zikabaki, nazo zimewekwa mtandaoni na Nyaraka za Taifa za Ayalandi. Dada au kaka wa Patrick aliyebaki nyumbani, aliyezaliwa tuseme 1848, angefika umri wa kuomba pensheni mwaka 1918. Katika fomu yake, kama mtafutaji wa wakati ule alifaulu, pengine ameandika kaya yote aliyoiona mwaka 1851, na ndani yake mtoto mdogo aitwaye Patrick.

Vipimo vya DNA vinaweza kusaidia, lakini baada ya karatasi, si kabla. Kwa umbali wa babu wa babu, jamaa wengi wa mbali watakuwa na kipande kidogo cha kushiriki na mume wako, na katika sehemu kama Beara, ambako familia zimeoana kwa vizazi, kipande hicho chaweza kuwa kimetoka kwa mababu watatu tofauti. Kama baba mkwe wako au shangazi wa mume wako yu hai na yuko radhi, apimwe yeye kwanza, maana yuko karibu zaidi na chanzo. Radhi hiyo iombwe kwa uwazi, na aelezwe kwamba kipimo kinaweza kuleta habari ambazo familia haikuzitarajia.

Pasipoti nitaijibu kwa ufupi, kwa sababu sitaki muendelee kuhesabu gharama juu ya tumaini lisilokuwepo. Sheria ya Ayalandi inampa njia mtu aliyezaliwa nje ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa hicho, kwa kujiandikisha katika rejista ya vizazi vya nje. Babu wa babu wa mume wako yuko mbali mno, na kwa watoto yuko mbali zaidi. Kwa njia ya Patrick, haiwezekani.

Msaada wa ana kwa ana utafute katika hali tatu. Ukishindwa kusoma mwandiko au Kilatini cha kitabu cha Lowell, nenda katika kituo cha FamilySearch kilicho karibu nawe, ambako wanakupokea bure bila kujali dini yako. Ukipata wilaya lakini parokia ikakushinda, mtumie mtafiti wa kulipwa aliyezoea Cork na Kerry, naye mpe swali moja lililo wazi pamoja na kila kitu ulichokwisha kuondoa, la sivyo utamlipa akurudishie akina Patrick wale wale. Na kama familia itasafiri, Maktaba ya Taifa na Nyaraka za Taifa mjini Dublin zina huduma ya ushauri wa ukoo bila malipo. Nendeni huko kabla ya kuchukua gari kwenda kusini. Kwa mambo ya baada ya 1880 itabidi umwandikie paroko. Mwandikie kwa adabu na kwa ufupi, taja miaka mitano ya kutafutwa na si ishirini, weka sadaka kidogo kwa kanisa, na usimwombe cheti peke yake. Omba nakala ya maneno yote ya mstari ule, pamoja na yaliyoandikwa pembeni, kwa maana tangu 1908 mapadri walitakiwa kuandika kando ya ubatizo habari ya ndoa ya mtu huyo, hata alipofungia ndoa yake Marekani.

Kwa sasa kazi yako ni moja: ndoa ya 1872, pande zote mbili, ya karani na ya padri. Ukiipata, nitumie majina ya wazazi wanne na mashahidi wawili, pamoja na picha ya ukurasa kama mwandiko unasumbua, nami nitakuonyesha parokia za kuanzia.